Anga Letu Halianzii Kaskazini

Ukiwa Dar es Salaam huwezi kuiona Nyota ya Kaskazini. Kosa si la mawingu, wala la taa za barabarani, wala la macho yako. Nyota hiyo imejificha chini ya upeo usiku kucha, mwaka mzima, na ndivyo ilivyo Unguja, Mombasa, Mtwara na Lubumbashi. Kanuni yake ni nyepesi: husimama juu ya upeo kwa digrii zilezile ambazo mtazamaji yuko kaskazini ya ikweta. Muscat iko digrii 23 na ushei kaskazini, basi huko inaonekana kwenye kimo hicho. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini, basi kwetu imezama kwa kiasi hichohicho.

Naanza na hilo kwa sababu miongozo mingi ya kutazama nyota inayomfikia kijana wetu, iwe kitabuni au kwenye simu, humwambia aanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Miongozo hiyo imeandikwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya watu wa huko, na kwao ni sahihi kabisa. Kijana wa Tanga akitoka uani na kuifuata, anatafuta kisichokuwapo. Hukata tamaa, kisha huamini moja kati ya mambo mawili: kwamba elimu ya nyota ni ya wenzetu, au kwamba bila darubini hakuna la kuona. Yote mawili si kweli, na la pili linaniudhi zaidi kwa sababu lina gharama. Darubini nyingi za bei rahisi, zile zenye maandishi makubwa ya kujisifu kwamba zinakuza mara mia kadhaa, zina lenzi ndogo na miguu inayotikisika. Anayeanza nazo huishia kuona ukungu unaorukaruka, na chombo huhamia juu ya kabati.

Maoni yangu ni haya. Mwaka wa kwanza wa mtazamaji nyota wa Afrika Mashariki uwe wa macho matupu, na uanze na anga lililo juu ya kichwa chake mwenyewe.

Anga hilo ni tajiri kuliko wengi wetu tunavyojua. Mtu aliye kwenye ncha ya kaskazini ya dunia huona nusu moja tu ya nyota zote, zilezile, hata akae huko maisha yake yote. Sisi tulio karibu na ikweta, mwaka ukitimia, karibu nyota zote za pande mbili zimekwisha kutupitia. Zinazoweza kuonekana kwa macho katika anga zima, penye giza la kweli, hukadiriwa kuwa 9,000 hivi. Toka nje katikati ya Mei, saa tatu usiku, mvua za masika zikipumzika. Upande wa kusini Msalaba wa Kusini umesimama wima. Geuka nyuma, na upande wa kaskazini zimening'inia zile nyota saba za Dubu Mkubwa, ambazo Waarabu waliziita Banat Naash, zikiwa kichwa chini. Mtu wa London hauoni Msalaba huo kamwe. Mtu wa Cape Town hazioni zote saba za Dubu. Wewe unaviona vyote viwili kwa kugeuza shingo tu, na hukulipa kitu.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliujua utajiri huu na waliuishi. Jahazi lililotoka Sur au Muscat kwa upepo wa kaskazi, likija Mombasa na Unguja, liliiona nyota waliyoiita jaa ikishuka usiku baada ya usiku mpaka ikazama baharini. Nahodha alipima mshuko huo kwa kibao kidogo cha mti kilichofungwa uzi wenye mafundo. Aliuma uzi kwa meno, akakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini ukalie mstari wa bahari na ukingo wa juu uiguse nyota. Fundo fulani lilimwambia yuko usawa wa bandari fulani. Kipimo chao kilikuwa kidole, na duara zima la anga lilihesabiwa kuwa vidole 224, yaani kidole kimoja ni kama digrii 1.6. Jaa ilipozama hawakupotea. Walihamia kwenye Farkadani, nyota mbili za jirani, na kwenye Banat Naash, wakaendelea kushuka kusini.

Ahmad ibn Majid wa Julfar, mji uliokuwa mahali ilipo Ras al-Khaimah ya leo, aliyaandika maarifa hayo katika karne ya 15, na kati ya kazi zake umo utungo mrefu unaoeleza njia ya Sofala. Dira aliyoieleza ilikuwa na pembe 32, na karibu zote zilipewa majina ya nyota kwa mahali zinapochomoza na zinapotua: Tairi, Thuraya, Akrabu, Suheli. Mabaharia wa Kiswahili nao walisema jaa wakikusudia kaskazini, na suheli wakikusudia kusini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Vitabu vingi vilidai rubani huyo alikuwa Ibn Majid, dai ambalo wanahistoria wa leo hawalikubali. Ninachokipenda mimi katika safari ile ni jambo dogo lililoandikwa ndani ya shajara ya melini: siku chache baada ya kuondoka Malindi, mabaharia waliiona tena Nyota ya Kaskazini, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Walikuwa wamevuka ikweta. Darubini ya kutazama nyota ilikuwa bado haijazaliwa; Galileo aliielekeza yake mbinguni mwaka 1609.

Wakulima nao walikuwa na kazi yao na nyota. Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizobanana, ndiyo ilikuwa saa ya mwaka. Wahenga wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Chukua nusu ya pili ya usemi huo uupime mwenyewe. Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea, Kilimia huonekana chini kabisa magharibi mara baada ya magharibi kuingia, kisha hupotea kwenye mwanga wa jua. Wiki kadhaa hakionekani. Juni, mvua zikiwa zimekatika na baridi ya kipupwe imeanza, huchomoza upya mashariki kabla ya mapambazuko. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Huo si ushirikina hata kidogo. Ni uchunguzi wa vizazi uliofupishwa ili mtoto aukariri.

Waliuhitaji uchunguzi huo kwa sababu mwezi hauwezi kumwongoza mkulima. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hutangulia siku 11 hivi kila mwaka na huzunguka misimu yote. Ndiyo maana pwani kulikuwa na hesabu nyingine sambamba, ya Siku ya Mwaka au Nairuzi, iliyogawanya siku 365 katika miongo ya siku kumi kumi. Mkulima na nahodha walijua mwongo wa kupanda na mwongo wa kufunga bahari. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanausherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Hesabu hiyo haina mwaka mrefu, hivyo sikukuu hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Karne ya 19 iliangukia Agosti. Kilimia hakina kasoro hiyo katika umri wa mwanadamu, na aliyekijua angeweza kuisahihisha kalenda yake kwa macho.

Kazi moja ya aina hii haijafa. Kila tarehe 29 ya Shaabani maelfu ya watu kuanzia Lamu hadi Kilwa hutazama magharibi kuutafuta mwezi mwandamo, bila chombo chochote. Anayeutafuta huku anapaswa kujua kwamba njia ya mwezi na sayari karibu na ikweta husimama takriban wima juu ya upeo wa magharibi, kwa hiyo hilali yetu hulala kama dau, ncha zote mbili zikitazama juu. Picha za hilali iliyosimama ubavu zimechorwa na watu wa kaskazini ya mbali. Mtoto anayeshuhudia mwandamo pamoja na babu yake tayari ni mtazamaji anga. Limebaki jambo la kumwambia asiingie ndani mapema.

Basi aanzeje? Achague usiku usio na mbalamwezi, zile siku za mwisho wa mwezi au siku tatu nne baada ya kuandama. Atandike mkeka mahali taa za jirani hazimpigi usoni. Ayape macho nusu saa. Ndani ya jicho zimo chembe zinazofanya kazi gizani, nazo huamka polepole sana. Ukiichungulia simu mara moja tu, umeanza upya. Akitaka kutumia programu ya ramani ya anga kama Stellarium, aiweke kwenye mwanga mwekundu, ambao huzisumbua chembe hizo kidogo tu. Kitu hafifu akitazame kwa pembeni, maana katikati ya jicho hazipo chembe hizo. Na kipimo anacho tayari: ngumi iliyonyoshwa mbele kwa mkono wote hufunika digrii 10 hivi, vidole vitatu vya kati digrii 5, kidole cha mwisho digrii 1. Hivi havitofautiani sana na vidole vya nahodha.

Mwezi wa kuanza, kwa ushauri wangu, ni Desemba, na mahali pa kuanza ni ukanda wa Orioni. Saa tatu usiku tazama mashariki: nyota tatu zinazolingana, zimepangana mstari mfupi ulionyooka. Hizi ndizo zinazochukua nafasi ya Nyota ya Kaskazini kwetu. Iliyotangulia kuchomoza kati ya tatu hizo iko karibu kabisa na ikweta ya anga, hivyo huchomoza mashariki barabara na kutua magharibi barabara, popote ulipo duniani. Aliyeijua hiyo hapotezi mwelekeo. Ufuate mstari huo kwenda juu: utakutana na Aldebaran, nyota ya rangi ya machungwa, na mbele yake Kilimia. Hesabu nyota za Kilimia. Macho mengi huona sita, na wenye macho makali penye giza huona zaidi. Ufuate mstari uleule kwenda chini: utaangukia Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ndiyo Shiira iliyotajwa katika Sura ya An-Najm. Mwanga unaoupokea kwake uliondoka miaka 8.6 iliyopita. Kulia kwa Sirius, kusini mashariki, ni Suheli, ya pili kwa mng'ao. Oman na nchi za Ghuba husubiri Suheli ichomoze alfajiri mwishoni mwa Agosti ili wajue makali ya joto yanavunjika, na hata ikifika kilele chake Muscat haipandi zaidi ya ngumi moja na nusu. Dar es Salaam hupanda ngumi nne na zaidi.

Katika kundi hilohilo la Orioni imo nyota nyekundu, Betelgeuse. Nawasihi wanaoanza waizoee hii, waifananishe mng'ao wake na Aldebaran kila wanapotoka. Kati ya Oktoba 2019 na Februari 2020 ilififia hadi chini ya nusu ya mng'ao wake wa kawaida, na kila aliyekuwa ameizoea aliona kwa macho kwamba bega la Orioni limepungua nguvu. Baadaye wanasayansi walieleza kwamba nyota hiyo ilikuwa imetapika gesi iliyopoa ikawa wingu la vumbi mbele yake. Habari iliyoshughulisha darubini kubwa za dunia ilikuwa inaonekana kutoka kwenye baraza ya nyumba yoyote ya Kigoma.

Msalaba wa Kusini unafaa kuanzia Aprili hadi Juni. Karibu nao, kushoto, ziko nyota mbili angavu zinazouelekea. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri, jirani wa jua, umbali wa miaka ya nuru 4.4. Urefushe mti mrefu wa Msalaba mara nne na nusu kuelekea chini na utafika kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo Dar es Salaam iko chini ya ngumi moja juu ya upeo. Hakuna nyota angavu pale. Unaipata kwa hesabu.

Kisha kipupwe, na hapa ningependa kila mtu wa mjini apate safari ya bara. Julai na Agosti, anga la Dodoma au Singida likiwa kavu, kundi la Nge hupita juu sana, moyo wake mwekundu Antares ukiwa katikati na mkia wake ukijikunja. Pembeni ya mkia ndipo kilipo kitovu cha galaksi yetu, na pale Njia Nyeupe hutuna na kung'aa, ikikatwa na mabaka meusi ambayo ni mawingu ya vumbi. London kitovu hicho hakipandi zaidi ya digrii 10, kikimezwa na moshi na mwanga. Sisi hutupitia karibu na utosi. Watu hulipa nauli za ndege kuja kuliona jambo hili, na sisi tumelala mbele ya runinga.

Galaksi nyingine pia zinaonekana. Novemba usiku, kaskazini, ngumi nne juu ya upeo, penye giza utaona kibaka hafifu kirefu: Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Al-Sufi wa Uajemi alikitaja kuwa kiwingu kidogo katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964. Desemba na Januari upande wa kusini kuna Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, ambalo watu wa Ulaya hawalioni kabisa. Mwaka 1987 nyota moja iliyokuwa humo ililipuka, na ikawa ya kwanza ya namna hiyo kuonekana wazi kwa macho tangu mwaka 1604.

Kuhusu sayari sitasema mengi, kwa sababu hazikai mahali pamoja. Zuhura haikosewi, jioni au alfajiri. Mshtarii huifuata kwa mng'ao, nayo hukaa kimya bila kumetameta sana. Ila jua usilitazame kamwe bila miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, hata likibaki kipande, kama lilivyokuwa pete kule Rujewa, Mbeya, Septemba 1, 2016.

Kuna kitu kimoja cha angani ambacho Waislamu wa pwani wamekijua kwa karne nyingi, nacho kinapotea bila kelele. Kabla ya alfajiri ya kweli, mwanga mweupe hafifu husimama mashariki wima, mpana chini na mwembamba juu, halafu giza hurudi. Mafakihi waliuita alfajiri ya uongo, wakaonya usimzuie mtu kula daku. Ni nuru ya jua inayorudishwa na vumbi lililotapakaa kati ya sayari, na karibu na ikweta huonekana vizuri kuliko kwingine, karibu mwaka mzima. Leo ni vijana wangapi wa Mombasa au Zanzibar mjini waliouona? Tunafuata ratiba iliyobandikwa ukutani, na mwanga wa taa umeufunika ule wa mashariki.

Siwapuuzi wenye vyombo. Fahari moja ya pwani hii ni kwamba Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuwafanya wanasayansi waamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Jukwaa liliwekwa pale kwa sababu ya ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi. Ikweta ileile inayotupa anga la pande mbili.

Kinachotishia anga hili ni taa mbovu. Sisemi turudi kwenye vibatari. Umeme vijijini ni haki, na mama anayejifungua usiku anahitaji taa. Lakini taa inayomwaga nusu ya mwanga wake mbinguni inapoteza umeme, inamtia upofu dereva, na pale Watamu na Mafia ambako kasa hutaga, inawapoteza watoto wa kasa wanaoitafuta bahari. Taa ya barabarani ifunikwe juu, ielekezwe chini, iwe ya rangi ya manjano badala ya nyeupe ya kibuluu ambayo husambaa zaidi hewani. Halmashauri zinazonunua taa za mtaa leo ziandike masharti hayo kwenye zabuni, kabla nguzo hazijasimikwa.

Na nyinyi walimu wa jiografia na sayansi, msingoje darubini ya msaada. Wafundisheni watoto ukanda wa Orioni kabla shule hazijafungwa Desemba, muwape kazi ya likizo: waandike tarehe na saa kila wanapokiona Kilimia, na Aprili wakikifuatilia, waandike siku kilipopotea. Kazi hiyo inahitaji daftari na kalamu tu.